Posa ya Lokandu

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nikashika jembe pale Mikelenge. Nilijiapia jambo moja: mdogo wangu ataoa kwa heshima, kama mtu mwenye wazazi. Kwa hiyo aliponiambia amempata msichana Lokandu, muuza samaki wa kukausha, nilijifunga kitenge changu kizuri, nikawa baba na mama kwa pamoja.

Yeye aliazima abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi za Zaire. Mabega yalimpwaya. Tukashuka Lualaba kwa mtumbwi.

"Sitwaye," mpiga kasia akamwambia, kama raia walivyoitana enzi hizo, "hiyo koti njo inaoa, ao ni wewe?"

Mama wa msichana, mjane, alitupokea barazani. Alinitazama mno. Sijafungua hata posa, akauliza, "Mama yako alikuwa na kovu hapa, chini ya sikio?"

"Alikuwa nalo. Amefariki."

Akaketi chini, nje ya mkeka. "Mwanangu, huyu hawezi kuoa hapa. Nilimunyonyesha mimi."

Sisi ni Waislamu. Walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Akatueleza. Yeye na mama walikuwa marafiki Kindu, kabla mumewe hajamhamishia Lokandu. Mdogo wangu alipozaliwa, mimi nikiwa kwa bibi huko Kailo, maziwa ya mama yalikauka. Mawifi tayari walikuwa wakisema ana mkosi. Wangejua na hilo, angerudishwa kwao. Basi kila asubuhi alibeba mtungi kama anayekwenda mtoni, mtoto mgongoni, akapitia kwa rafiki yake aliyekuwa na binti mchanga.

"Huyu titi la kuume, huyu la kushoto," alisema. "Mama yako akaniomba nifunge kinywa. Bwana yangu alikufa hajui."

Nilimtazama mwanamke yule. Miaka yote ile nilidhani najua kila mkono uliomlea mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza polepole, "Nilikuwa nanyonya sana?"

"Weee! Uliniuma kama mamba!" Mama yule akacheka, machozi yakimtiririka.

Binti alikuwa jikoni, amesikia yote. Akatoka na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, chakula alichowapikia wageni wa posa. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaiweka mbele ya mdogo wangu.

"Juzi ulisema utanifuata hata Kisangani."

"Nilisema."

"Basi utanifuata siku nikiolewa huko, unisindikize. Kula, kaka."

Binti akanawa mikono, akaketi, wakala wote wawili katika sahani ile. Mama yao akanikaribisha kwa kichwa. Nilikuwa na njaa ya safari nzima, lakini katika sahani ya ndugu wale wawili sikuthubutu kunyoosha mkono.