Moshi wa Ng'ombe Kisiwani

Siku ile niliamka na hasira na fisi maji. Walikuwa wamekula kambare wawili niliowaanika kwenye kichanja, wakaniachia vichwa tu. Mume wangu, Deogratias, alicheka mpaka akaketi chini.

"Mama Konso, hao ni majirani. Jirani haitwi mwizi."

Ndivyo alivyokuwa, mzaha tangu asubuhi. Mimi mzaha siuwezi kabla ya kula.

Tuliishi kisiwani, katikati ya mto Kagera, juu kidogo ya Murongo. Kisiwa chenyewe kidogo, ukiita huku unasikika kule. Wazee wa Deo walitoka Rwanda na ng'ombe, naye akawavusha sita kwa kuwaogelesha, maana majani ya pale hayakauki hata kiangazi, na chui hafiki. Asubuhi viboko walirudi majini wakipiga chafya kama wazee wa ugoro. Nyange walitembea nyuma ya ng'ombe wakiokota wadudu. Nzohe, yule swala wa majini, alizama kwenye mafunjo mpaka shingoni, akidhani hatumwoni. Watu wa siku hizi wangelipa nauli kuyaona hayo. Mimi sikuyajali. Nilikuwa na binti wa miezi saba, Konsolata, na nguo za kufua.

Kabla ya adhuhuri tukasikia mizinga upande wa Murongo. Tulidhani radi. Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, na mvua zilikuwa zimeanza.

Kesho yake watu walipita ukingoni na magodoro vichwani, wakielekea Nyaishozi. Mwanamke mmoja wa Bugomora alitupigia kelele kutoka ng'ambo.

"Nyie wa kisiwani, mnangoja nini? Askari wa nduli wamevuka mpaka!"

Deo alisema ng'ombe hawawezi kukimbia barabarani na umati ule, na sisi bila ng'ombe tutakula nini huko? Mafunjo yatatuficha. Akaweka sheria moja: hakuna kuwasha moto. Tukala ndizi mbivu na samaki wakavu.

Lakini ng'ombe nao walikuwa na moto wao. Kwetu, jioni kabla ya kukamua, baba wa nyumba huwasha samadi kavu. Ng'ombe husimama ndani ya moshi, nzi huwaacha, na maziwa hushuka. Wakikosa moshi walioukulia, hurusha mateke na kubana maziwa. Siku ya tatu tulipata kikombe kimoja. Siku ya tano hatukupata kitu. Na mimi matiti yangu yalikuwa yamekauka kwa homa na woga. Konsolata alilia mpaka sauti ikamwisha. Jamani, mtoto akilia unasikitika, lakini akiacha kulia unaogopa.

"Washa moto," nikamwambia Deo.

"Moshi utaonekana."

"Mtoto anakufa, baba Konso."

Alinyamaza, akaangalia ng'ambo. Kule kunyamaza kukanipandisha hasira.

"Ng'ombe wa baba yako uliwarithi," nikasema. "Uanaume wake hukuurithi?"

Alikusanya samadi, akawasha. Hapakuwa na upepo. Moshi ulipanda mweupe, umenyooka, jua likiwa bado juu ya vilima. Ng'ombe walikuja wenyewe bila kuitwa.

Alikaa kando ya moto. Mwenye ng'ombe hauachi moto wake.

Zilikuwa risasi tatu.

Nyange wote waliruka. Nikajitupa juu ya mtoto.

Nilipoinua kichwa, Deo alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja kwenye makaa. Niliuvuta ule mkono kwanza, usiungue. Ndipo nikamwangalia usoni. Alikuwa amekwisha.

Hakuna aliyevuka kuja kwetu. Kama ni askari wa nduli, au wetu waliodhani ni moshi wa adui, sijui mpaka leo. Nimewahi kuwauliza waliopigana upande ule. Wananijibu, "Mama, ilikuwa vita." Mfyuu! Kama kwamba mimi sikuwepo.

Ng'ombe walitawanyika, kisha wakarudi motoni. Kwetu mwanamke hakamui. Nilikamua. Maziwa yalishuka mengi, kibuyu kikafura povu, na Konsolata akanywa, akacheua, akalala. Baba yake alikuwa hatua kumi kutoka pale, nimemfunika kitenge changu.

Siku ya pili yake alipita mvuvi aliyekuwa anakimbia na mtumbwi. Tulimzika Deo kwa jembe la kupalilia, mvuvi akasali Baba Yetu harakaharaka, akatuvusha. Ng'ombe tuliwaacha. Sikuwahi kuwaona tena.

Konsolata sasa ana watoto wanne. Watu kanisani huniambia Mungu alinifidia, aliniachia mtoto. Sibishani nao, ila fidia hiyo siioni. Mtoto si malipo ya baba yake. Maziwa aliyahitaji, na moto ule ningeuomba tena hata leo, hilo sitalikana. Na Deo angeuwasha. Namjua, nililala naye miaka mitatu. Alipokuwa kimya alikuwa anatafuta namna, na angeuwasha jioni ileile bila kutukanwa, akakaa palepale, wakampiga palepale. Angekufa vilevile.

Ila angekufa hajaambiwa lile neno na mkewe.