Grisi Niliyoifuta

Sikiliza, nikueleze polepole. Juzi pale mtaa wa Gisimenti niliona gari la Pijo kuukuu juu ya jeki, na harufu ya grisi ikanirudisha uani kwetu. Baba na mdogo wake, Tonton, aliyekuwa fundi, walikuwa wakifunga bushi mpya za magurudumu ya mbele, zile pete za kuzuia vyuma visisuguane. Walipoingia kula, mimi, mtoto mdogo, nilidhani grisi aliyoipaka Tonton kwenye bushi ni uchafu; nikaifuta yote kwa kitambaa. Walirudi wakafunga. Gari liliposhushwa, likalia kama mbuzi. Baba akafungua, akakuta bushi kavu, akamgeukia Tonton.

“Macho yako iko na kazi gani?”

“Nilipaka, mkubwa! Labda panya wamelamba.”

Baba hakucheka. Hakumruhusu tena Tonton kugusa gari lake, nami nilinyamaza. Mpaka leo naona aibu.

Ukifungua gari nyumbani, waulize watoto kwa upole wamegusa nini, ndipo ufunge.