Zamu ya Claudine kwenda Ruhwa

Leo nimebaki mguu mmoja juu ya pikipiki, mwingine chini, kituo kizima kikinitazama.

Nilikuwa Kamembe, natafuta pikipiki ya kwenda Ruhwa. Zamu ilikuwa ya Claudine, dereva mwanamke pekee pale. Lakini mkuu wa kituo, mzee mpole sana, akanielekeza kwa mwanaume aliyemfuata Claudine kwenye foleni.

"Ruhwa ni mbali. Huyu dada yetu tunamuhurumia, tunamupatia safari za hapa mujini."

Nikaanza kupanda. (Ndiyo, nilianza.)

Claudine akasema taratibu: "Papa, aksanti. Lakini hiyo huruma inanimalizia safari zote ndefu. Batoto bangu banakula hizo safari."

"Na mvua ikikukuta njiani?"

"Italowesha mimi sawa vile inaloweshaka weye."

Wanaume wakacheka. Mzee naye akacheka, kisha akaniambia nishuke, zamu ni ya Claudine.

Tulipoondoka akapaza sauti: "Polepole, dada yetu!"

Claudine, bila kugeuka: "Ubaambie na bale banaume bengine!"

Jamani, anavyoendesha! Kona zote za kushuka Bugarama, kabla ya kufika Ruhwa, sikuogopa hata moja. Nimecheka njia nzima.

Nyie mngemjibu nini yule mzee?