Chini ya Dari

Darasa la nne sikulimaliza, lakini leo ulizia Mbinga nzima mwenye malori ni nani. Hata dari la gereji yangu nimelichomelea mwenyewe, chuma kitupu, la kuhifadhia kahawa. Jana vibarua walipopandisha gunia la kwanza, kuliona likipanda kulinirudisha jikoni kwetu, nilipokuwa mtoto.

Dari la jikoni alilijenga baba kwa miti ya milingoti, akaifunga kwa kamba za magome. Kwetu, aliyejenga dari hukaa chini yake siku linapopakiwa mara ya kwanza. Baba akaweka kigoda, akaketi. Mama na mimi tulikuwa juu, tukivuta magunia ya mahindi kwa kamba.

"Toka hapo, mzee," mama alisema. "Sitaki kukuzika pamoja na mahindi yako."

"Vuteni. Hapa watalala watoto. Nikiogopa mimi niliyejenga, wao je?"

Miti ikalia, vumbi likamwagikia kichwani. Nikalala kifudifudi, nikamchungulia kwenye upenyo kati ya miti huku machozi yakinitoka. Akainua uso.

"Unaniona? Bado nipo. Vuta lingine."

Dari lile halikuvunjika.

Jana vibarua walipomaliza kupanga wakaenda zao. Nikafunga mlango, nikaweka kigoda katikati, nikaketi. Chuma changu hakikulia hata kidogo. Niambie fundi gani mwingine anaweza hivyo. Nikakaa muda mrefu, uso nimeuinua kama baba, kwenye upenyo kati ya vyuma.

Juu kulikuwa na kahawa tu.