Kubisha Hodi Mbarara

Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani Mbarara, Uganda. Alikwenda huko akiwa kijana, na kila Krismasi alirudi kijijini kwetu Masama, hadi vita vya Kagera vilipoanza. Vita vikaisha, askari wa kwetu wakarudi, yeye hakurudi. Kwa kuwa hakuwa mwanajeshi, hatukujua tumuulizie ofisi gani. Bibi aliwauliza waliotoka vitani, kanisani na sokoni, kama walimwona kijana mrefu mwenye mwanya.

Miaka ilipita kabla ya Uganda kutulia. Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Njoro. Likizo ilipofika, baba akaniomba tufuatane kumtafuta mdogo wake.

Mbarara tulielekezwa kwa mama aliyempangisha chumba. Baba akabisha hodi, akasema kwa Kiswahili, "Samahani mama, tunamtafuta mtu aliyekuwa anaishi hapa." Mlango uliokuwa nusu wazi ukafungwa. Tukasikia komeo.

Tulisimama uani tusijue tumekosea nini. Jirani aliyekuwa anatengeneza baiskeli akatuita pembeni.

"Hapa Kiswahili ni cha askari," akasema. "Waliokuja kuchukua watu walikuwa wanaongea hicho."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwangu Kiswahili kilikuwa lugha ya ubao na chaki, ya kuongea na yeyote asiyejua Kichagga.

Jirani akaenda kuzungumza na yule mama kwa lugha yao. Mama akatoka, akaitazama picha tuliyobeba, kisha akamtazama baba usoni, kwa maana walifanana sana. Akatuketisha. Jirani akawa anatafsiri. Vita vilipoanza, askari wa Uganda walipita nyumba kwa nyumba. Baba mdogo aliwajibu maswali yao, na kwa matamshi yake wakajua ni Mtanzania. Wakaondoka naye. Yule mama alikwenda kambini kumuulizia, akafukuzwa. Kesho yake akaenda tena. Baada ya hapo aliogopa.

"Mwambie asante kwa kwenda," baba alimwambia jirani.

Tuliporudi Masama baba alimweleza bibi kila kitu. Bibi alikuwa anamenya ndizi, akaacha.

"Huyo mama alirudi tena baada ya kufukuzwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwanangu alikuwa na mtu wa kumuulizia," akasema, akaendelea kumenya.

Ukoo ulishauri ibada ifanyike na msalaba usimikwe migombani, tunakozika watu wetu. Ibada bibi aliikubali, msalaba akaukataa. "Mkiuweka mtaacha kuuliza." Hakuna aliyembishia, ingawa ukweli ni kwamba wengi wetu tulishachoka kuuliza.

Bibi alipofariki, baba alikwenda Uganda tena, peke yake. Hakupata jipya. Alirudi, akabadilisha nguo, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Sasa ni mzee, na akimtaja mdogo wake bado hasemi "marehemu". Sisi watoto tumejifunza kutolisema neno hilo mbele yake.