Kungoja Upepo

Enzi zetu, sisi tuliokulia chini ya vilima vya Machakos, tuliimba polepole, na lawama ni yangu. Kinanda cha kanisa letu, kile cha mabomba ambacho wamishenari walikileta vipande vipande, hakikulia bila upepo. Upepo ulitoka nyuma yake, kwenye mfuko mkubwa wa ngozi tulioujaza kwa mpini, mimi na dada yangu Mumbua. Mfuko wenyewe ulikuwa umepasuka. Mstari ukiisha, na upepo umeisha.

Basi Mwalimu Mutua, mpiga kinanda, aliinua mkono na kanisa zima likangoja. Tulivuta mpini mpaka magauni ya Jumapili yakalowa jasho, kisha mstari wa pili ukaanza. Wimbo wa beti nne ungeweza kuivisha chungu cha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Sikujua kuna watu wanaoimba bila kungoja. Nilipoanza kazi Nairobi, Jumapili ya kwanza nilinyamaza katikati ya wimbo, na jirani yangu akaniuliza kama naumwa.

Baadaye kinanda kilikufa kabisa. Nyigu walijenga ndani ya mabomba, na kwaya ikanunua kibodi inayojipigia ngoma huku mpigaji akichungulia simu. Mwaitu, mama yangu, hakuipenda hata kidogo. Aliomba jambo moja tu: aimbe tena na kinanda kile kabla hajaitwa na Mungu. Mwaka huu kanisa lilipowaita mafundi wakifufue, Mwaitu alichinja mbuzi wake wawili kule Mwala. Nyama waliila mafundi, ngozi zikaziba mfuko. Kyalo, kijana anayekipiga sasa, akaomba kifungwe mota ya kukijaza upepo.

Jumapili ya kwanza, jamani, sauti ile! Nililia mbele ya watu. Mstari wa kwanza ukaisha, Mwaitu akafunga mdomo, akangoja. Kinanda hakikungoja. Vijana walikwenda nacho mbio, naye akanigeukia kwa aibu, kama mtu aliyesahau maneno.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mwaitu. Siku hizi upepo hauishi."

"Na sisi tutapumua saa ngapi?"

Nilimshika mkono tukangoja pamoja, kisha tukaanza mstari wa pili wenzetu wakiwa mbali. Kyalo alipomaliza na watu wakakaa, tulikuwa bado na ubeti mzima. Tuliuimba tumesimama, wawili tu, bila kinanda.