Tangi Nililowachagulia Akina Mama

Kama kuna kitu nilichojisifia maishani mpaka watu wakachoka, ni mabehewa. Nilikuwa karani wa yadi ya reli Nairobi, kazi yangu kuandika namba za mabehewa ya mizigo yakiingia na kutoka, na kila niliporudi Habaswein kwa likizo nilikuwa na maneno. Behewa la tumbo la duara lile, hubeba saruji. Na lile tangi lililofungwa ndani ya fremu ya chuma, usiliguse kabla hujasoma kibandiko ubavuni! Watu ambao hawajawahi kuona hata kipande cha reli walikaa wakanisikiliza, nami kichwa kikavimba. Wakaniita Bwana Reli. Niliitika, tena kwa furaha.

Basi habaryar yangu, mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyenilea, akanipigia simu. Yeye na wenzake wauza maziwa ya ngamia walitaka tangi kubwa la maji kabla kiangazi hakijawakaba, ili lori la maji likipita mara moja, maji yakae.

"Wewe ndiye unayevijua vyombo hivyo, mwanangu. Tuchagulie."

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu. Nikaoneshwa tangi la kwenye fremu, aina ile ile niliyokuwa nikiitolea mihadhara, limejaa vumbi na grisi. Muuzaji akasema lilibeba mafuta ya kupikia. Sikufuta vumbi. Sikuomba karatasi. Nilikuwa na haraka, na mtu aliyejifanya mjuzi wa kila kitu huona haya kuuliza. Nikampigia habaryar: hili ni safi, nimelikagua mwenyewe. Nimelikagua! Mwongo mkubwa mimi.

Lilipopelekwa Habaswein kwa lori nami nikalifuata, pamoja na binti yangu wa miaka sita, maana shule zilikuwa zimefungwa. Akina mama wakaliosha nje. Vumbi likatoka, na ubavuni ikajitokeza alama ya kibandiko kilichobanduliwa: pembe nne, kimesimama kwa ncha, wekundu kidogo umebaki kingoni, juu kichwa cha mwali wa moto, chini namba tatu. Namba tatu hiyo nimeiandika kwenye daftari mara nyingi kuliko jina langu. Ni kimiminika kinachoshika moto, na mvuke wake hubaki ndani hata tangi likiwa tupu.

Ningesema hapo hapo, ingekuwa aibu ya dakika tano. Sikusema. Nilijiambia kesho nitabuni tundu, nitasema limetoboka, lirudishwe.

Habaryar akapanda ngazi ya tangi, akafungua mfuniko wa juu, akanusa.

"Yaa! Lina harufu kali hili."

"Ni mafuta ya kupikia yaliyochacha," nikasema.

"Basi hilo dogo. Tutalifukiza."

Kwetu chombo cha maziwa hakitiwi maziwa kabla hakijatiwa makaa ya mti unaonukia, kikafunikwa mpaka moshi uingie kwenye kuta zake. Ndiyo sabuni yetu, na hakuna mama asiyeijua. Kwa hiyo wote waliona ni sawa kabisa. Wakakoka moto pembeni, wakajaza makaa kwenye kopo lenye mpini wa waya. Wajukuu wao wakasongamana chini ya tangi kutazama.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini nyuso zile zote zilinitazama kwa heshima. Mwili ukaamua peke yake. Nikamshika binti yangu mkono, nikaondoka naye mbio mbio, nikamweka nyuma ya ukuta wa msikiti. Wangu tu. Wale wengine niliwaacha pale pale.

Nilipochungulia, habaryar alikuwa katikati ya ngazi, kopo mkononi, wala halitazami tangi. Alikuwa ananitazama mimi. Akashuka polepole, kipago kwa kipago, akaenda mbali, akayamwaga makaa mchangani na kuyafukia. Akawafukuza watoto wote kutoka kwenye tangi. Kisha akaja mpaka ukutani. Hakupaza sauti. Afadhali angenipigia kelele.

"Wako umemtoa," akasema. "Na wajukuu wangu je, ni kuni?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa neno moja tu, nisamehe. Unajua nilisema nini? Nilisema mtoto alibanwa na haja, nilikuwa nampeleka choo.

Binti yangu akainua uso, akatutazama wote wawili.

"Mimi sijabanwa, baba," akasema. "Umenivuta tu."